Mpira Ulioangukia kwa Baba Kulwa

Kikundi cha Majirani, Goba
Jumamosi

Saa 2:10 asubuhi
Mama Neema: Habari za asubuhi, majirani zangu. Nimelala na jambo hili, nikaona ni vyema nilisemee hapa kwa utulivu kabla ya kulipeleka kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Jana jioni mpira wa watoto uliangukia ndani ya uzio wa Baba Kulwa. Mwanangu Baraka, mwenye miaka 7, alikuta mlango mdogo wa geti umeegeshwa tu, akaingia kuuchukua. Mbwa alitokea nyuma ya nyumba akasimama mbele yake hatua tatu hivi, mwili umekakamaa, hakubweka wala hakunguruma, mpaka binti wa kazi alipotoka na kumwita. Mwanangu hana hata mkwaruzo, lakini usiku kucha amekuwa akishtuka. Baba Kulwa, siandiki kwa ugomvi. Naomba tu kujua mbwa yule anaishije humo ndani pamoja na watoto wako.

Saa 2:24
Baba Kulwa: Mama Neema, pole sana, na nisalimie Baraka. Kosa la geti ni langu na silikwepi. Mbwa wangu Simba ni dume la aina ya rotwaila, wa mwaka mmoja na nusu, nami nilimchukua baada ya wezi kunibebea pampu ya maji na betri ya gari ndani ya mwezi mmoja, kama wengi mnavyokumbuka. Ila kwa upande wa watoto sina wasiwasi hata kidogo, kwa sababu Kulwa na Doto wana miaka 4 na wanamkalia mgongoni kama punda. Naweka hapa video ya juzi ili kila mtu ajionee mwenyewe.
[Video: sekunde 22]

Saa 2:31
Mama Tunu: Jamani, hawa mapacha! Kweli mbwa huyu ni mpole.

Saa 2:33
Mzee Shomari: Mimi nimetazama, na moyo haukutulia. Daktari wetu wa mifugo, Rehema, yuko wapi?

Saa 3:05
Dkt. Rehema: Shikamoo, Mzee Shomari. Nipo, nilikuwa zizini kwa mteja. Nimeitazama video mara tatu, na mara ya mwisho nimezima sauti, kwa kuwa vicheko vya watoto humfanya mtu awaangalie watoto na asimwone mbwa. Naomba nanyi mwirudie hivyo hivyo. Katika sekunde ya 4 Doto anamkumbatia shingoni, na Simba anageuzia kichwa ukutani. Sekunde ya 7 anajilamba pua ingawa hakuna chakula karibu. Sekunde ya 11 anapiga miayo, na sidhani kuna mbwa anayepata usingizi huku watoto wawili wamemlalia. Kuanzia sekunde ya 15 weupe wa jicho lake la kushoto unaonekana kama mwezi mwandamo, masikio yamelala nyuma, na mdomo umefumbwa kabisa. Mbwa aliyestarehe huacha mdomo wazi, na mwili wake hulegea hata nyonga zikayumba. Watoto wanaona kwamba wanacheza naye, kumbe mwenzao ameshaomba mara nne aachwe, na hakuna mtu mzima aliyemwelewa.

Saa 3:12
Baba Kulwa: Daktari, nakuheshimu, lakini kama angekuwa amechukia si angenguruma? Zamani ndiyo alikuwa akinguruma, hasa Doto akimsogelea wakati wa kula. Nikawa namchapa kwa ndala kila anaponguruma, na kabla mwezi haujaisha akaacha kabisa. Ndiyo maana nikaamini ameshawazoea.

Saa 3:21
Dkt. Rehema: Baba Kulwa, maneno yako hayo yamenishtua kuliko video. Mbwa anaponguruma huwa anapiga hodi: anamwambia mtoto, "Ukisogea tena nitauma," na kwa hisani hiyo mtoto anapata nafasi ya kurudi nyuma. Wewe umemchapa kwa sababu ya hodi. Hasira yake na hofu yake juu ya bakuli la chakula ziko palepale, ila amejifunza kwamba kuzitangaza kunamletea ndala. Siku akiingia, ataingia bila hodi. Soma tena maelezo ya Mama Neema: mbwa alisimama, mwili umekakamaa, kimya. Mimi ningemwogopa kidogo mbwa anayebweka na kurukaruka kwenye geti, na ningemwogopa zaidi huyo aliyenyamaza.

Saa 3:24
Mama Neema: Nimesoma nikasikia baridi mgongoni.

Saa 3:40
Baba Kulwa: Sikujua. Nimuuze?

Saa 3:46
Baba Tunu: Nisamehe Daktari, mimi nilifundishwa kwamba mbwa wa ulinzi hawekwi karibu na watoto hata kidogo. Anafungiwa mchana kutwa kwenye banda lenye giza, anachanganyiwa pilipili kwenye chakula, kisha anafunguliwa saa nne usiku. Ndivyo alivyofuga marehemu baba, na mwizi hakuthubutu.

Saa 3:58
Dkt. Rehema: Baba Tunu, njia hiyo ninaikuta kila mtaa ninaoingia. Pilipili humwumiza mbwa tumbo, wala haimwongezei ulinzi. Giza ndilo baya zaidi, kwa sababu mbwa anayefungiwa mchana hajui sauti ya mtoto anayelia, hajui baiskeli, hajui mgeni aliyevaa baibui wala fundi aliyebeba ngazi, kwa hiyo siku mlango wa banda ukisahauliwa wazi saa nane mchana, kila kilicho uani kwake ni adui, akiwemo mtoto wa mwenye nyumba. Anayeumwa mara nyingi ni mtoto, na mara nyingi mbwa mwenyewe si mgeni kwake. Na kwa kimo cha mtoto wa miaka 4, meno hayo hufikia uso na shingo.

Baba Kulwa, usiharakishe kumuuza. Niambie kwanza: ulimchukua akiwa na umri gani, na alikotoka kulikuwa na watoto?

Saa 4:09
Baba Kulwa: Alikuwa na miezi 5. Aliyeniuzia anafuga mbwa watupu kwenye eneo kubwa, na sikumwona mtoto yeyote pale.

Saa 4:20
Dkt. Rehema: Basi picha imekamilika. Kipindi ambacho kitoto cha mbwa huzoea dunia kwa urahisi ni kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 14. Anachokutana nacho kwa wema katika siku hizo hukihesabu kuwa cha kawaida maisha yake yote. Simba alizipitisha siku hizo bila kumwona binadamu mwenye kimo cha mita moja anayekimbia huku akipiga kelele. Bado anaweza kufundishika, ila polepole.

Jambo la pili ni asili yake. Rotwaila wamepewa jina la mji wa Rottweil kusini mwa Ujerumani, ambako walitumika kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama. Mbwa wa kuswaga ng'ombe husukuma kwa kifua na bega. Dume aliyekomaa hufika kilo 50, wakati Doto nadhani hajafika 18, kwa hiyo mbwa huyu anaweza kumvunja mtoto mkono kwa furaha tupu, bila kuonyesha jino.

Saa 4:31
Baba Ivona: Nawasalimu kutoka Leicester. Nyumba yangu imepakana na ya Baba Kulwa na wapangaji wangu wana mtoto mchanga, kwa hiyo jambo hili linanihusu. Huku Uingereza ipo sheria ya mwaka 1991 iliyopiga marufuku aina kadhaa za mbwa, na tangu Februari 1, 2024 huruhusiwi kukaa na mbwa aina ya XL Bully katika England na Wales bila cheti maalumu, na akitoka nje ni lazima awe na kamba na afungwe mdomo. Kwa nini mtaa wetu usikubaliane kwamba mbwa wa aina hizi wasifugwe kabisa?

Saa 4:39
Dkt. Rehema: Baba Ivona, hoja yako ina uzito. Lakini kumbuka kwamba rotwaila hayumo katika orodha ya sheria hiyo, na nina kovu kwenye kifundo cha mkono nililopewa na kijibwa cheupe cha kilo 6. Ukubwa wa mbwa unatueleza madhara yatakuwa makubwa kiasi gani akiuma. Kama atauma au la, hilo tulitafute kwenye geti, kwenye banda na kwenye macho ya mtu mzima.

Saa 4:52
Mama Kulwa: Jamani, mimi ndiye ninayeshinda na watoto na Simba hapa nyumbani, na mnajua nina mimba ya miezi 7. Sitaki maelezo ya Ulaya. Daktari, niambie kesho nikiamka nifanye nini.

Saa 5:17
Dkt. Rehema: Mama Kulwa, umesema kweli. Kuanzia leo watoto na Simba wasiwe pamoja uani isipokuwa mtu mzima awe karibu kiasi cha kunyoosha mkono na kumgusa mmoja wao. "Nilikuwa jikoni lakini nawasikia" haitoshi, kwa maana mbwa akiamua kuuma hachukui muda wa kuzima jiko. Ukienda jikoni, hata kwa dakika moja, Simba anaingia bandani na komeo linafungwa. Ndala imekwisha. Akinguruma, mwondoe mtoto kimya kimya, kisha nipigie simu unieleze alikuwa wapi na mtoto alishika nini.

Chakula chake cha ugali na dagaa awekewe bandani, mlango ufungwe, na bakuli litolewe na mtu mzima baada ya Simba kutoka bandani. Watoto wasitembee uani na andazi au mfupa mkononi. Akilala, asishikwe, aitwe kwa jina mpaka aamke na aje mwenyewe. Mambo ya kumkalia mgongoni na kumkumbatia shingoni yameisha. Ili aanze kuwapenda kwa haki, wewe au Baba Kulwa mshikeni kwa kamba mwisho wa ua, mtoto apite mbali kwa mwendo wa kawaida, na kila apitapo mbwa apewe kipande kidogo cha maini ya kuchemsha. Mtoto akishapita, maini nayo yanakoma. Fanyeni dakika tano tu asubuhi na jioni, na msipunguze umbali mpaka muone mwili wake umelegea.

Kuhusu mtoto anayekuja, anzeni sasa kumbadilishia Simba ratiba, ili asije akaona kwamba kichanga ndicho kilichomfukuza sebuleni. Baba atakapokuja kutoka hospitali atangulie na khanga iliyomfunika mtoto, amnusishe kwa mbali. Na mtoto asilazwe kwenye mkeka mbwa akiwa huru, hata kama umekaa hapo hapo unachambua mchele.

Saa 5:30
Mzee Shomari: Ahsante, mwanangu. Nami niongeze la kwangu. Wajukuu zangu wanapita hapo kwenda madrasa, na nguo zao zinatakiwa ziwe twahara. Dini yetu haikukataza mbwa wa ulinzi, wa kuwinda wala wa mifugo, lakini kwa sisi wa madhehebu ya Shafi mate yake ni najisi, na mahali palipolambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Namwomba Baba Kulwa asimtoe mbwa saa ya watoto kwenda na kurudi.

Saa 5:34
Baba Kulwa: Shikamoo, Mzee wangu. Nimekusikia, na nitamtembeza saa kumi na moja alfajiri na baada ya saa mbili usiku, akiwa kwenye kamba.

Saa 5:41
Dkt. Rehema: Baba Kulwa, piga picha kadi yake ya chanjo uniwekee hapa.

Saa 5:49
Baba Kulwa: Hii hapa.
[Picha]

Saa 5:53
Dkt. Rehema: Chanjo ya kichaa cha mbwa imepitwa na miezi miwili. Huchanjwa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kila mwaka, kwa hiyo leo jioni nakuja na sindano pamoja na dawa ya minyoo, kwa sababu mapacha wanachezea mchanga ule ule anaojisaidia. Jirani mwenye mbwa au paka ambaye hajachanjwa aniambie nipite kwake pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15, na wengi huficha jeraha wakiogopa kugombezwa. Waambieni wasifiche. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Msipake mafuta ya taa wala unga wa kahawa. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Saa 6:02
Mama Neema: Na hawa wetu, ambao mpira utaruka tena kesho?

Saa 6:10
Dkt. Rehema: Wafundisheni kusimama kama mwembe: miguu imetulia, mikono imekunjwa kifuani, macho yanatazama ardhini. Mbwa akimkuta mtoto hivyo mara nyingi hunusa na kuondoka, kwa kuwa mwembe hauna mchezo. Akiangushwa chini, ajikunje kama kobe, ngumi zifunike shingo na masikio. Kukimbia na kupiga kelele ndiko kunakomwita mbwa afukuze. Nitakapokuja jioni wakusanyeni hapo uwanjani, tuufanye uwe mchezo. Baraka atakuwa wa kwanza kuonyesha, maana jana, bila kufundishwa na mtu, alisimama tuli.

Saa 11:48 jioni
Baba Kulwa: Fundi amemaliza. Mlango mdogo sasa una springi inayoufunga wenyewe, na komeo limepandishwa juu kuliko mkono wa mtoto. Banda limesogezwa nyuma chini ya mparachichi, mabati ya ubavuni nimeyatoa nikaweka wavu ili apate mwanga. Simba amechomwa sindano na amenuna.

Saa 11:55
Mama Neema: Ahsante, jirani. Baraka ameonyesha mwembe mbele ya wenzake mara sita, na sasa anauliza kama mpira wake bado upo.

Saa 11:57
Baba Kulwa: Upo, ila Simba ameshautoboa. Nimenunua mwingine, naja nao hapo mlangoni kwako. Mbwa namwacha bandani.