Mfuko wetu wa ruzuku unataka kupambana na ubaguzi wa rangi. Tuanzie wapi?

Mdhamini_Mgeni (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mwaka huu nimeingia kwenye bodi ya shirika dogo la hisani hapa Uingereza. Lina mtaji wa zamani uliowekezwa, na faida yake tunaigawa kama ruzuku kwa vikundi vya eneo letu: wazee, vijana, michezo, na kadhalika. Wafanyakazi ni wachache, maamuzi yote ni ya wadhamini.

Bodi imekubali tuingie kwenye suala la ubaguzi wa rangi. Mezani kuna mapendekezo mawili tu: kuweka tamko kwenye tovuti, na kutenga fedha kidogo kwa mwaka mmoja, ziitwe mfuko wa watu weusi. Kwa kuwa Mwafrika mezani ni mimi peke yangu, kila mtu ananiangalia nitoe baraka. Sijatoa. Naona tunakimbilia mapambo kabla hatujajua tatizo letu ni lipi. Wenye uzoefu, mngeanzia wapi? Na mfuko wa namna hiyo sheria inauruhusu?

Kalamu_Nyekundu
Umefanya vyema kutokubariki haraka. Anza na makabrasha. Toa orodha ya ruzuku za miaka kadhaa iliyopita: waliopata, waliokosa, na wale wanaosahaulika kila siku, yaani waliopiga simu kuulizia wakakatishwa tamaa wasiombe kabisa. Mbele ya kila jina andika nani anakiongoza kikundi hicho. Narudia, nani anaongoza, maana swali la nani anahudumiwa lina majibu rahisi mno. Shirika kubwa litakuandikia kwamba linawafikia Wasomali wa mtaa mzima, na ndani yake hakuna Msomali hata mmoja anayegusa bajeti. Kuna kipimo kiitwacho DEI Data Standard (DEI ni utofauti, usawa na ujumuishi) kinachotumiwa na wafadhili kadhaa huko, na kinatenganisha vizuri mambo haya mawili. Shirika la 360Giving nalo lina mfumo wa kuchapisha taarifa za ruzuku hadharani, bure. Msianze kwa kulipa mshauri.

Orodha ikikamilika mtajua mnakwama wapi. Pengine hawaombi kabisa. Pengine wanaomba na fomu inawaangusha. Au wanafika hadi mezani, kisha wadhamini wanasema "hawa bado wachanga". Kila moja ina njia yake, na tamko la kwenye tovuti haligusi hata moja.

Mzee_wa_Hoja
Mimi natofautiana nanyi. Umaskini hauchagui rangi. Saidieni maskini wote wa eneo hilo, basi. Mkianza kuhesabu nani mweusi nani si mweusi mtawagawa watu. Tena mleta uzi hajasema kwamba kuna mbaguzi kwenye bodi yake, sasa tunamtafuta nani?

Kalamu_Nyekundu
Mzee wangu, hatumtafuti mtu. Ripoti ya Macpherson ya 1999, iliyochunguza jinsi polisi walivyoshughulikia mauaji ya kijana Stephen Lawrence, ilieleza wazi kuwa ubaguzi wa taasisi unaweza kukaa ndani ya taratibu zake, hata kwa watu wasiokusudia ubaya.

Chukua mfano mmoja. England na Wales, shirika la hisani la kawaida hutakiwa kujisajili kwenye Tume ya mashirika ya hisani kipato chake kikizidi pauni 5,000 kwa mwaka. Vikundi vingi vya wahamiaji huanza chini ya hapo: kina mama wanafundisha watoto kila Jumamosi kwa michango yao wenyewe. Fomu ikidai namba ya usajili, wameshatoka, na hakuna aliyetaja rangi ya mtu. Sharti hilo mara nyingi wafadhili wamejiwekea wenyewe. Shirika la hisani linaweza kukipa fedha kikundi kisichosajiliwa, mradi zitumike kwa kazi ya hisani na wadhamini wafuatilie. Kwa hiyo hata hao "maskini wote" unaowasema hamuwafikii kwa fomu hiyo.

Mzee_wa_Hoja
Hilo la fomu nalikubali. Mfuko wa rangi bado.

Joho_Kabatini
Niingilie kwenye sheria, kwa ujumla tu. Bodi itafute mwanasheria wake. Kwa England, Wales na Scotland mwongozo ni Equality Act, sheria ya usawa, ya 2010. Kifungu cha 193 kinaruhusu shirika la hisani kulenga kundi fulani, kama katiba yake inasema hivyo, na kama lengo ni kuzuia au kufidia hali duni inayolikumba kundi hilo, au kuna sababu nyingine halali na hatua hailizidi lengo. Mtego uko hapa: walengwa hawawezi kuainishwa kwa rangi ya ngozi. Asili ya kikabila au utaifa, sawa. Kwa hiyo jina "mfuko wa watu weusi" lirudishwe mezani, na mkishafika hapo someni pia kifungu cha 158, kinachohusu hatua za kuyainua makundi yaliyoachwa nyuma. Na ule ushahidi wa Kalamu_Nyekundu ndio utakaowalinda: bila takwimu za nani amekosa nini, hamna cha kuonyesha mkiulizwa.

Msinakili mambo ya Marekani kwa kuyaona mtandaoni, sheria ni nyingine kabisa. Kule mfuko wa uwekezaji uitwao Fearless Fund walikuwa na shindano la ruzuku ya dola 20,000 kwa wanawake weusi wenye biashara. Wakashtakiwa kwa kutumia sheria ya haki za kiraia ya 1866, ile iliyotungwa baada ya utumwa. Juni 2024 mahakama ya rufaa ikalisimamisha shindano, na Septemba mwaka huohuo wakakubaliana kulifunga moja kwa moja. Sheria iliyowekwa kuwalinda watumwa walioachwa huru! Haya.

Mama_Kikundi
Mimi niko upande wa kupokea, niseme ya huku. Fedha za mwaka mmoja zinachosha. Unamwajiri kijana Aprili, Januari unaanza kumwambia ajiangalie. Mkitaka kusaidia kweli, toeni miaka mitatu au zaidi, na msizifunge kwenye mradi. Kodi ya ofisi, mshahara wa mhasibu, bima: hivyo ndivyo vinavyofanya kikundi kiwepo kesho. Halafu mnatuuliza mbona hatuna akiba benki, wakati kila mfadhili anakataza fedha zake zisibaki!

La pili, ushauri wa bure. Kuna mfadhili mmoja, simtaji, kila mara anatuita "kusikiliza sauti zetu". Nauli juu yetu, siku nzima imepotea, ripoti inatoka ina picha zetu, ruzuku inakwenda kwa walewale. Mkitaka maarifa yetu yalipieni kama mnavyomlipa wakili. Pokeeni pia maombi ya mdomo. Mtu anaeleza kazi yake kwa simu dakika arobaini, mfanyakazi wenu anaandika.

Mdhamini_Mgeni
Nimewasoma wote, ahsanteni sana. Mama, la akiba limenigusa, kwenye vigezo vyetu lipo. Swali lingine: nilipogusia kwamba wakazi wenyewe wakae kuamua ruzuku, mwenyekiti alisema sheria haituruhusu kukabidhi mamlaka.

Joho_Kabatini
Mwenyekiti amesema nusu. Jukumu la mwisho halihamishiki, ni la wadhamini. Ila wanaweza kuunda jopo la wakazi linalosoma maombi na kupendekeza, bodi ikathibitisha, na kuandika mapema ni sababu zipi pekee zitawafanya wakatae pendekezo. Camden Giving ya London wamekuwa wakigawa ruzuku kupitia majopo ya wakazi kwa miaka. Andikeni kanuni ya mgongano wa maslahi, kwa sababu eneo dogo kila mtu ni shemeji ya mtu.

Kalamu_Nyekundu
Umetaja "mtaji wa zamani" ukapita haraka. Ulitoka wapi? Mwaka 2023 Church Commissioners, wasimamizi wa mali za Kanisa la England, walitangaza kutenga pauni milioni 100 baada ya kukuta kwamba sehemu ya urithi wao inarudi hadi kwenye kampuni iliyosafirisha watumwa. Mwaka huohuo Lankelly Chase, mfuko wa ruzuku wa hapo Uingereza, walitangaza kugawa mtaji wao wote wa takribani pauni milioni 130 na kufunga shirika. Sisemi nanyi mfunge. Ila ulizia umewekezwa kwenye nini sasa, maana ruzuku zenu ni faida tu. Mtaji ndio ulio mwingi, na sijui bodi ngapi hufungua hilo faili.

Mama_Kikundi
Na usikubali kamati ya jambo hili iwe wewe peke yako. Watakupa kazi yote, kisha isipokwenda vizuri iwe ya kwako. Mwambie mwenyekiti aiongoze yeye.

Mdhamini_Mgeni
Hilo nalipeleka kikao kijacho, pamoja na orodha ya waliokosa. Tamko nitaomba lisubiri.