Vocha inaisha Novemba, sisi tunataka kusafiri Desemba

Kutoka: Mama Watoto Wawili, Leicester

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nawasumbua kidogo. Mume wangu ana kadi ya American Express ya British Airways, ile ya kulipia ada, na matumizi yalifika kile kiwango chao tukapewa vocha ya mwenzi wa safari. Imekaa tu. Avios nazo zipo, zile pointi za kulipia safari, zake na zangu, kila mtu na akaunti yake.

Nia yetu ni kwetu Makunduchi, Zanzibar, Desemba mwakani, na kurudi Januari. Tuko wanne: sisi wawili, mkubwa wa miaka tisa, na mdogo atakayetimiza miaka miwili tarehe 29 Desemba hiyohiyo. Vocha inaisha 30 Novemba mwakani. Shoga yangu kaniambia nisitie wasiwasi, mradi tiketi ikatwe kabla ya tarehe hiyo. Ni kweli? Na mtoto anaingia kwenye vocha?

Kutoka: Mtu wa Tanga, Slough

Wa alaykum salaam dada.

Shoga yako kakupotosha, japo kwa nia njema. Kukata tiketi mapema hakutoshi. Safari ya kwenda yenyewe lazima iwe imefanyika kabla vocha haijaisha. Kurudi ndiko kunaweza kuangukia baada ya hapo. Kwa hiyo Desemba mwakani, kwa vocha hiyo, isahau.

Halafu kuna huyo mdogo. Chini ya miaka miwili anapakatwa, na British Airways wanamtoza asilimia 10 tu ya Avios za mtu mzima. Ila sharti ni umri wake siku ya kila safari. Mkienda katikati ya Desemba atapakatwa, mkirudi Januari keshatimiza miwili na atataka kiti chake. Mkubwa naye ni Avios kamili, hakuna nusu bei ya mtoto. Vocha inamwondolea Avios abiria mmoja wa pili, na mwenye kadi mwenyewe lazima awe safarini. Huyo wa pili anaweza kuwa wewe au mtoto, kwao ni sawasawa.

Sasa sikiliza. Nyinyi ni watu wa Makunduchi, na sherehe zenu za Mwaka Kogwa ni Julai. Leicester skuli zenu hufungwa mapema kuliko sehemu nyingi za nchi hii, sisi huku bado tunafunga watoto tai. Kwa nini msiende Julai mwakani? Vocha itakuwa hai, mdogo atapakatwa kwenda na kurudi, na mnazikuta sherehe. Matatizo mawili yanaondoka kwa kubadili mwezi tu.

Namna yake ndiyo wengi wanaikosa. Viti vya Avios hufunguliwa siku 355 kabla ya safari. British Airways wameahidi viti visivyopungua vinane vya daraja la kawaida kwa kila ndege ya masafa marefu, viwili vya daraja la kati na vinne vya bizinesi. Kwa tarehe 11 Julai mwakani, hesabu inakupeleka 21 Julai ya mwaka huu, yaani Jumatatu hii. Vinatoka saa sita usiku wa kuamkia siku hiyo kwa saa za Greenwich, kwa hiyo majira haya ya joto ni saa saba usiku hapa kwetu. Weka kengele. Usiseme utaangalia asubuhi ukinywa chai, asubuhi wenzako wameshavigawana, na wewe unataka vitatu kwa mpigo.

Viti vya kurudi havitakuwa vimefunguliwa. Msiogope. Mnakata ya kwenda kwa vocha, kisha siku ya kurudi inapofunguka mnapiga simu waiunganishe kwenye tiketi ileile. Mkirudi tarehe 20 Agosti, siku yenu ya simu ni 30 Agosti ya mwaka huu. Ikishindikana kabisa, tiketi ya Avios inafutwa hadi saa 24 kabla ya kuruka, kwa pauni 35 kila mtu, na Avios zinarudi. Sijui tiketi ya fedha ya bei rahisi inayokupa nafasi hiyo. Mimi hukata kwanza, ruhusa ya kazini naomba baadaye.

Na hizo akaunti mbili ziunganisheni leo. Ipo akaunti ya kaya, mnaingia hadi watu saba wa anwani moja, watoto pia. Avios za mume peke yake zikipungua, zako zinajazia.

Bado kuna suali ambalo hukuliuliza: je, inalipa? Vocha inafuta Avios za mtu wa pili. Kodi na tozo zake haigusi, mnalipa zote. Ndani yake imo kodi ya abiria ya serikali ya Uingereza, ambayo Aprili 2025 iliwekwa pauni 90 kwa mtu mzima wa daraja la kawaida kwenda umbali wa Nairobi, mtakakotua, na pauni 216 ukipanda madaraja ya juu. Mimi hupima hivi. Tuseme tiketi mbili za fedha msimu wa watu ni pauni 1,700. Kwa vocha mnaombwa Avios 60,000 na tozo za pauni 600. Mmeokoa 1,100. Gawa kwa 60,000, kila Avios imekuzalia kama peni 1.8. Tuseme ni Februari, ndege zinakwenda nusu tupu na tiketi hizohizo mbili ni pauni 1,000. Mmeokoa 400, yaani hata peni 0.7 haifiki.

Na peni 0.7 ni kidogo kwa sababu kipimo kipo: pointi 400 za Nectar, ile kadi ya pointi ya supamaketi ya Sainsbury's, hugeuka Avios 250, na pointi hizohizo 400 pale dukani zinakununulia bidhaa za pauni 2. Yaani Avios moja imekugharimu peni 0.8 ya mchele na mafuta. Ukiitoa chini ya hapo, bora ungebaki na mchele.

Kwa hiyo vocha si ya Februari. Ni ya msimu ambao bei zinapaa, au ya bizinesi. Bizinesi msiicheke: kila mtu mabegi mawili ya kilo 32. Wawili ni kilo 128, na nyote mnajua shangazi wangapi wanasubiri.

Kutoka: Kijana wa Coventry

Kaka wa Slough kamaliza, ila British Airways hawafiki Zanzibar, wala Dar siku hizi. Vocha mnaweza kuitumia pia kwa Iberia na Aer Lingus, nao huko kwetu hawaendi. Maana yake ni Nairobi, basi. Qatar Airways nao wanatumia Avios tangu 2022, unaunganisha akaunti na kuhamisha moja kwa moja bila kupungua hata moja, na wanatua Zanzibar, Dar na Kilimanjaro. Tiketi moja, mzigo unaupokea nyumbani. Kasoro yake, vocha kwao haifanyi kazi. Mimi bila mke na bila vocha nakwenda nao kila mara.

Kutoka: Mtu wa Slough tena

Kijana, hata bila mke vocha ina kazi yake. Tangu 2021 msafiri wa peke yake anaweza kuitumia kupunguziwa nusu ya Avios. Sasa umebaki na tatizo moja tu.

Kutoka: Mkenya wa Leeds

Hapo pa Nairobi nina la kusema, maana niliwahi kulia pale uwanjani mtu mzima mimi.

Nilikata Avios London hadi Nairobi, kisha tiketi ya pembeni ya shirika dogo, silitaji, kwenda Zanzibar kwa harusi ya binamu. Kwenda ilikuwa poa. Kurudi, ndege ya Zanzibar imepangwa saa nane mchana, wakatwambia saa kumi, kisha wakanyamaza. Tumetua Jomo Kenyatta, ile ya London kaunta imefungwa. Tiketi ni mbili tofauti, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na deni nami. Shirika dogo linasema limenifikisha, shirika kubwa linasema sikutokea. Nililipa tiketi ya njia moja kwa pesa taslimu, na zile pointi zikaenda na maji. Siku hizi nalala Nairobi usiku mmoja kabla ya kuruka, kwa jamaa South B, na hiyo pilau nahesabu kama sehemu ya nauli.

Mengine ya kuhesabu ukipitia kwetu. Begi hutaungiwa, utalitoa mwenyewe na kulipeleka kaunta nyingine, kwa hiyo unaingia nchini. Wenye pasi ya Uingereza wanahitaji kibali cha mtandaoni kilichochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024, dola 30 na kitu kwa kila mmoja, mtoto pia. Wenye pasi ya Tanzania wanapita bure. Halafu Zanzibar watauliza kadi ya homa ya manjano, maana mmetoka Kenya, na sharti hilo linaanzia mtoto wa mwaka mmoja. Sindano hiyo hapa NHS, yaani hospitali za serikali, haitoi bure, unalipa kliniki ya wasafiri. Nzuri yake unachoma mara moja kwa maisha.

Kutoka: Mama Watoto Wawili, Leicester

Subhanallah, ya sindano nilikuwa sijaiwaza. Mimi na mume tunazo kadi za manjano, watoto hawana. Na wao wana pasi za huku, kwa hiyo kuna viza ya Tanzania dola 50 kila mmoja na ile bima ya lazima ya Zanzibar ya wageni iliyoanza Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima. Wanangu wageni Makunduchi! Bibi yao asisikie.

Kutoka: Mzee wa Barking

Wanangu, nimesoma yote. Swali langu ni dogo. Hiyo kadi ni ya mkopo, na mkopo una riba. Tunakwenda kuwaona wazee kwa nauli ya riba?

Kutoka: Mtu wa Tanga, Slough

Shikamoo mzee. Wanaoitumia miongoni mwetu huamuru benki ilipe deni lote kila mwezi, hivyo riba haitozwi. Wapo masheikh wanaosema mkataba wenyewe kuwa na sharti la riba ndio tatizo, hata usipoilipa. Hilo sitaligusa, kila mtu na anayemuuliza.

Ila hata tukiweka dini pembeni, hoja yako inabaki na nguvu. Ada ya kadi ile ni pauni 300 kwa mwaka, na ili upewe vocha utumie pauni 15,000 ndani ya mwaka, yaani 1,250 kila mwezi. Kwa matumizi hayo unapata Avios 22,500. Kodi ya nyumba kwa kawaida hailipwi kwa kadi hiyo, na maduka kadhaa ya kwetu ukiitoa muuzaji anakutazama tu. Nimewaona watu wananunua televisheni ya pili ili wafikie kiwango. Mwezi mmoja ukibakiza deni, riba inakula kile ulichokuja kuokoa. Kama matumizi yenu ya kawaida hayafiki, achaneni nayo. Kadi ya Nectar haina mkopo wala ada, inakusanya polepole lakini inakusanya.

Kutoka: Mzee wa Barking

Marahaba. Hiyo ya Nectar bibi yenu anayo, nilidhani ni ya kupata punguzo la maziwa tu.

Kutoka: Mama Watoto Wawili, Leicester

Nimekuja kuwapa habari. Usiku wa kuamkia Jumatatu tulikaa jikoni mimi na mume, yeye na simu, mimi na kompyuta. Saa saba na dakika mbili tarehe ikafunguka, viti vya daraja la kawaida vipo. Mara ya kwanza ukurasa ukakwama kwenye kuingiza vocha, nikamwona mume anavyofuta jasho. Mara ya pili ukapita. Sisi wawili kwa vocha. Mkubwa tulimkatia palepale kwa Avios za kaya, tiketi yake mbali, na asubuhi tukapiga simu ijulikane tuko pamoja na mdogo aongezwe mapajani kwangu.

Wanakupa machaguo ya kulipa, Avios nyingi na tozo ndogo au kinyume chake. Tulipiga ile hesabu ya peni, tukachagua la katikati ili zibaki za kurudia.

Zanzibar tutakata tiketi ya pembeni, na kurudi tutalala Nairobi usiku mmoja. Tarehe 30 Agosti ni ya kupiga simu, nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu. Kliniki ya sindano tumepata nafasi. Kaka wa Leeds, hao jamaa wa South B wana nafasi ya watu wanne?