Nakshi za misahafu ya mwanzo zilikuwa na kazi gani?

Mpenda Khati: Assalamu alaikum. Nikilinganisha picha za misahafu ya ngozi ya karne za mwanzo za Hijria, naona baadhi haina pambo lolote, ilhali mingine ina mikanda ya rangi na dhahabu baina ya sura. Je, nakshi hizo zilikuwa urembo mtupu, au zilimsaidia msomaji?

Bint Hamadi: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Kwa maoni yangu, zilianza kama alama za kusomea. Katika msahafu wa Fustat, mji wa kale ulio sehemu ya Cairo ya leo, ambao kurasa zake nyingi ziko katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, kwa namba Arabe 328, mwisho wa aya huonyeshwa kwa nukta za wino zilizokusanywa pamoja, na baina ya sura iliachwa nafasi tupu. Nafasi kama hiyo ndiyo iliyokuja kujazwa mkanda wa msuko au majani, ambao ncha yake mara nyingi huchomoza pambizoni kama tawi, hata mtu anayefungua kurasa kwa haraka akaona sura inapoanzia. Aya ya tano nayo iliwekewa herufi ha, yenye thamani ya 5 katika abjadi, yaani hesabu inayoipa kila herufi ya Kiarabu namba yake, na ya kumi ikapewa duara.

Msomi wa Pwani: Naafikiana na Bint Hamadi, ila si nakshi zote zilizokuwa za kusomea. Miongoni mwa kurasa zilizogunduliwa mwaka 1972 katika Msikiti Mkuu wa Sanaa, Yemen, zimo mbili zinazoelekeana zenye michoro ya majengo yanayodhaniwa kuwa misikiti, yenye safu za matao na taa zinazoning'inia, bila mtu wala mnyama. Wataalamu wengi huuweka msahafu huo katika zama za makhalifa wa Bani Umayya, karibu na utawala wa al-Walid wa Kwanza (705–715). Hapo naona fahari ya dola. Hata hivyo, Ibn Mas'ud, sahaba wa Mtume, amepokewa akiagiza Qurani isichanganywe na kisichokuwa chake, na nadhani ndiyo sababu pambo lilikaa pembeni mwa maandishi.

Mpenda Khati: Nashukuru sana. Na ule Msahafu wa Buluu, mbona hauna alama za aya?

Bint Hamadi: Zimo. Ziliwekwa kwa fedha juu ya ngozi ya rangi ya nili, na fedha imepoteza mng'aro wake, wakati dhahabu ya herufi bado inawaka. Ikuze picha utaziona.