Triga ya rivolva ya zamani inakwaruza, nianzie wapi?

Mrithi
Wakuu, habari. Nimerithi rivolva ya mzee, Smith & Wesson Model 10 ya .38 Special, na kibali kimeshahamia kwenye jina langu. Nikisimamisha nyundo kwa dole gumba kisha nikavuta, triga inakatika safi. Shida ni ule mvuto mrefu, triga inapofanya kazi zote yenyewe: inakwenda kama droo iliyoingia mchanga, mahali fulani inagoma mpaka mkono unatetemeka. Tena si kila mara. Siku nyingine hata silinda haifunguki mpaka niisukume kwa kiganja. Nifungue ubavu (kile kifuniko cha pembeni) nisafishe?

Bisibisi
Dogo hilo. Legeza skrubu iliyo mbele ya mpini, springi kuu inapoa, triga inakuwa nyepesi.

Kobe Mzee
Bisibisi, usimpoteze mwenzio. Uzito ni kitu kimoja, mkwaruzo ni kingine. Mvuto mrefu wa kilo 5 hivi ni wa kawaida kwa rivolva hiyo. Akilegeza skrubu, nyundo itagonga kinyonge, risasi zitagoma kulipuka, na mkwaruzo utabaki palepale.

Mrithi, ubavu usiuguse kwanza. Toa risasi zote, kaziweke chumba kingine, rudi uhakikishe tena vyumba vya silinda ni vitupu. Sasa fungua silinda, vuta nyuma kile kitufe cha kuifungulia na ukishikilie hapo, kisha vuta triga taratibu huku dole gumba likiizuia nyundo isijibamize. Ukisikia mkwaruzo uleule, ugonjwa uko ndani. Ukikuta laini, basi ni silinda na vinavyoizunguka.

Mama Shabaha
Naongezea: viandikie vyumba vya silinda namba 1 mpaka 6 kwa kalamu, uone ni vipi vinavyogoma. Na hilo la silinda kutofunguka umelitaja kama la kupita tu, kumbe mimi naona ndilo lenye jibu.

Mrithi
Shikamoo Mzee Kobe. Silinda ikiwa wazi, triga ni laini kabisa! Ikifungwa, namba 3, 4 na 5 zinagoma, zilizobaki ni nafuu.

Kobe Mzee
Marahaba. Vyumba vitatu vinavyofuatana, hapo shuku fimbo ya kusukumia maganda. Izungushe silinda ikiwa wazi, uangalie ncha ya fimbo: ikiyumba, imepinda, na kuinyoosha ni kazi ya fundi wa silaha. Ikitulia, jaribu kama imelegea. Ikijifungua kidogo hurefuka, ikakwama mbele, ndiyo maana silinda haitaki kutoka. Kabla ya kuikaza, tia maganda matupu vyumba vyote ili nyota ya nyuma (ile inayotoa maganda silindani) isijisokote, na uizungushie fimbo kipande cha ngozi koleo isiitie alama. Angalizo: za zamani hukazwa kama skrubu ya kawaida, lakini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyuzi zake ziligeuzwa, zinakazwa kinyume.

Mama Shabaha
Na chini ya nyota pasafishe kwa mswaki mkavu. Punje chache tu za baruti zinatosha kuibana silinda.

Mrithi
Nimerudi. Ncha inayumba kidogo sana, lakini fimbo ilikuwa imelegea karibu nusu mzunguko. Chini ya nyota nimekuta masizi magumu kama ukoko wa sufuria. Nimesafisha, nimekaza. Silinda inafunguka kwa kidole kimoja, namba 3 na 5 zimepona. Namba 4 bado inasita kidogo.

Bisibisi
Huyo wa namba 4 mpitishie tupa kidogo 😅

Kobe Mzee
Weka tupa mbali. Huko kuyumba ulikokuona ndiko kunakobakia kwenye namba 4. Mpelekee fundi silinda hiyo, mwambie apime fimbo tu, ubavu auache umefungwa.