Januari mvua ilipiga vizuri, Februari mahindi yanasokota majani. Maji yanaenda wapi?

Mkulima wa Chamwino: Wakuu, naombeni ushauri. Nalima ekari mbili Chamwino, Dodoma, udongo mwekundu wa kichanga. Januari mvua ilinyesha mpaka makorongo yakajaa. Imekata wiki mbili tu, mahindi ndiyo yanatoa mbelewele, na kufika saa sita mchana majani yote yamejisokota. Nimechimba kwa jembe: juu vumbi, kina cha kiganja nagonga tabaka gumu, chini yake pakavu kabisa. Nifanyeje?

Samadi Kwanza: Pole mkuu. Hilo tabaka ndilo limekumaliza. Maji hayakuingia, yalikimbilia korongoni. Milimita moja ya mvua kwenye ekari moja ni kama lita 4,000, piga hesabu mwenyewe.

Afisa Ugani Mstaafu: Naongezea. Mahindi yakiwa kwenye mbelewele, kwa jua la huku, hutumia milimita 5 hadi 6 za maji kwa siku. Udongo wa kichanga hushika takribani milimita 60 hadi 100 zinazofaa mmea katika kina cha mita nzima, na mizizi yako imeishia kwenye hilo tabaka. Hapo hata wiki haiishi. Halafu kumbuka Dodoma tunapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kiangazi chote jua linakausha, kwa hiyo mvua ya kwanza haikuti akiba yoyote ardhini.
Kwa sasa ondoa magugu yote, nayo yanakunywa, na tandaza nyasi kavu kati ya mistari. Msimu ujao pasua tabaka kabla ya mvua.

Mkulima wa Chamwino: Asante mzee wangu. Ila matandazo huku ni shida, mifugo ikiingia baada ya mavuno haibakizi hata bua.

Mama Uwele: Basi chimba mashimo ya Chololo, yaani mashimo ya kupandia yanayokusanya maji ya mvua, hayo yametoka hapahapa Dodoma. Upana sentimita 22, kina 30, nafasi 60 kwa 90, mistari ikate mteremko. Weka majivu kuzuia mchwa, samadi, kisha udongo kidogo. Kazi ni ngumu, sikufichi, anza na robo ekari mwezi wa tisa. Na ekari moja weka mtama au uwele, mahindi peke yake huku ni kujitesa.

Afisa Ugani Mstaafu: Namuunga mkono Mama Uwele. Mvua ikirudi wiki hii, funga matuta yako, yaani weka kizuizi cha udongo kwenye mfereji kati ya tuta na tuta kila baada ya hatua mbili tatu, maji yasimame humo yazame.