Bunduki ya upepo ya springi: nguvu inapanda inashuka, naipunguzaje?

Mlengaji_Leicester

Wakuu habari za wikendi. Nipo Leicester huku Uingereza, nina rifle ya upepo ya springi, HW95 ya .177 (kipenyo cha risasi kwa inchi), nimeichukua mkono wa pili kwa jamaa aliyeniambia imeshafanyiwa kazi ndani, kazi gani hakusema. Sasa nimeazima kronografu (kifaa cha kupima kasi ya risasi) kwa mwenzangu wa klabu na namba zinanitisha. Peleti (risasi ndogo za upepo) za JSB Exact za greni 8.44 (greni ni kipimo cha uzito) mara zinatoka futi 770 kwa sekunde, mara 815, hazitulii kabisa. Nimepiga hesabu, hiyo 815 inakaribia futi-paundi (kipimo cha nguvu ya risasi) 12 na nusu, na sheria ya hapa mnaijua, rifle ya upepo ikizidi 12 inahesabiwa bunduki ya moto, bila cheti umekwisha. Halafu ikifyatuka springi inalia twaaang mpaka meno yanauma.

Nimetafuta skrubu ya kupunguza nguvu sijaiona, kuna moja tu nyuma ya triga. YouTube mmoja anasema kata koili mbili za springi, mwingine anasema tia peleti nzito basi. Yupi mkweli? Natumia kwa shabaha tu na panya wa bustanini, sina haja ya nguvu za ajabu.

Fundi_Mkongwe

Kwanza iweke kabatini mkuu, usiipige hovyo mpaka ujue nguvu yake iko wapi. Hiyo skrubu nyuma ya triga ni ya uzito wa triga, haihusiani na nguvu, usiizungushe ukidhani unapunguza kitu.

Bunduki ya springi haina bomba la kuongeza na kupunguza kama zile za PCP zenye chupa ya hewa. Ukiikunja springi inabanwa, ukifyatua springi inasukuma pistoni, pistoni inabana hewa iliyo kwenye silinda, hewa inapita kitundu kidogo na kuisukuma peleti, yote hayo kufumba na kufumbua. Kwa hiyo nguvu yake inatokana na springi, uzito wa pistoni, urefu wa safari ya pistoni, ukubwa wa kitundu, sili (mpira wa kuzuia hewa isivuje) na peleti yenyewe, ukigusa kimoja vingine vinajibu.

Lakini mimi kilichonishtua sio 815, ni hiyo tofauti ya futi 45. Iliyo nzima inacheza futi 10 hadi 15 hivi. Ikirukaruka namna hiyo mimi nashuku mafuta kabla ya springi. Hewa ikibanwa ghafla inachemka vibaya mno, na kama mwenye nayo wa zamani alimimina oili kwenye silinda ile oili inawaka humo ndani kama dizeli kwenye injini, peleti inapata msukumo wa bure. Angalia kama inatoa moshi mtutuni, nusa kama kuna harufu ya kuungua, sikiliza kama risasi nyingine zinapasuka kwa kishindo kuliko wenzake. Kama ndivyo safisha mtutu uwe mkavu, kisha twanga peleti za kawaida kwenye kizuizi salama mpaka itulie, na usiongeze tone la oili. Na usiifyatue tupu bila peleti, pistoni inagonga mwisho wa silinda bila mto wa hewa, hapo springi na sili vinakufa mapema.

PwaniMidlands

Naongezea kwa Fundi, kagua na sili ya pale mtutu unapokunjikia. Weka kipande chembamba cha karatasi ya tishu juu ya ule mwanya ufyatue, na peleti iwe ndani, tishu ikiruka ujue hewa inavuja. Ni sili ya bei ndogo inabadilishwa haraka.

Kuhusu kukata koili, kaka achana nayo. Springi iliyokatwa ncha yake lazima ipashwe moto, ikunjwe na isagwe ikae bapa, la sivyo inakaa upande, inasukuma pistoni kando na kukwaruza silinda, nguvu inapungua lakini kelele inabaki palepale. Ile twaaang mara nyingi ni springi kulegea kwenye kijiti kinachoishika kwa ndani, inatikisika. Watu wazoefu wanapunguza nguvu kwa kutoa washa (pete bapa) zilizowekwa nyuma au mbele ya springi, maana zile washa ndizo zinaibana zaidi hata kabla hujaikunja bunduki, au wanatia seti kamili ya vipuri yenye springi fupi na vijiti vinavyobana sawasawa. Mwenye nayo wa kwanza nahisi alijaza washa akidhani anapata maajabu. Springi ikizidishwa pistoni inafika mwisho na kurudi nyuma kwa kishindo, kasi hupati ya maana, unapata mateke na skopu kufa. Skopu za kawaida za rifle za moto hazivumilii springi kwa sababu inapiga nyuma halafu mbele, zinavumilia teke la upande mmoja tu.

Na usiifungue bila kifaa cha kubania springi. Ndani mle springi imeshabanwa hata kabla hujaikunja, ukilegeza kizuizi cha nyuma bila kifaa inaweza kukutoa jicho.

Hamburg_Kaka

Jamani nyie mna raha, huku Ujerumani ya kununua bila kibali mwisho jouli 7.5, yenye herufi F ndani ya pembetano, nyie mnalia na 12 yenu ambayo ni jouli 16.27. Na nawaambia ile ya jouli 7.5 ni tamu kuipiga kuliko hizo, haitikisiki, kwa mita 10 hadi 25 kwenye karatasi huoni tofauti. Mnatafuta nguvu za nini.

Mlengaji_Leicester

Fundi Mungu akubariki. Moshi ulikuwepo kweli, mtutu niliposafisha kitambaa kilitoka cheusi kimeloa mafuta. Baada ya kuipiga imetulia, sasa 8.44 inakaa karibu futi 790, ambayo ni 11.7 hivi. Tishu haijaruka. Twaaang bado ipo. Nimemaliza hapo au?

Fundi_Mkongwe

Bado mdogo wangu. Sheria haiangalii peleti unayoipenda wewe, inaangalia bunduki inaweza kutoa nini, ukikamatwa wanaipima na peleti za aina mbalimbali. Springi mara nyingi inatoa nguvu zaidi kwa peleti nyepesi, kinyume na PCP inayopenda nzito, kwa hiyo yule wa kukuambia tia nzito basi anakupoteza, inaonekana pole kwenye namba yako huku nyepesi inavuka. Jaribu za greni 7 utuambie.

Hesabu ni uzito kwa greni mara kasi mara kasi (futi kwa sekunde), gawa kwa 450240, unapata futi-paundi.

Mlengaji_Leicester

Duh. Greni 7 imetoka 885. Inakuja 12.2 hivi.

PwaniMidlands

Basi hapo usihangaike mwenyewe, ipeleke kwa fundi mwenye leseni ya kushika silaha, mwambie wazi unataka ishuke. Omba ikae 11 hadi 11.5 kwa nyepesi na nzito, acha nafasi, maana joto la kiangazi na kundi jipya la peleti vinaweza kupandisha kidogo. Na ukienda Scotland usiibebe hivihivi, tangu 31 Desemba 2016 kule hata ya chini ya 12 inataka cheti.

Mlengaji_Leicester

Imerudi leo kutoka kwa fundi. Ndani kulikuwa na washa mbili, springi ndefu kuliko inavyotakiwa na grisi imejazwa kama keki. Kaondoa washa, katia springi fupi na kijiti kinachobana, kapaka grisi kiduchu. 8.44 inatoka 770, greni 7 inatoka 860, yaani 11.1 na 11.5. Twaaang imekwisha, na kwa mita 20 mashimo yote yanagusana, nguvu nimepunguza shabaha imeongezeka.

Kijana_wa_Tanga

Wazee shikamooni. Nami nauliza, hizi zenye silinda ya gesi badala ya springi je, zenyewe nguvu inashushwa?

Fundi_Mkongwe

Marahaba. Baadhi ndiyo, HW90 mfano unaongeza au kutoa hewa kwa pampu yake maalum. Lakini na hiyo kronografu mbele yako kwanza, na kama uko nyumbani Tanzania anza na kibali polisi kabla ya kufikiria bunduki yoyote.