Ada ya ISA: chuo kilipe au mhadhiri ajilipie?

Kalamu Nyekundu
Wakuu, tuliweke mezani. Mhandisi yuko chini ya bodi yake ya usajili, ERB, mhasibu yuko chini ya bodi ya NBAA, na bila ada na mafunzo ya kila mara usajili wake unayumba. Mwajiri anaona sababu ya kumlipia. Sisi wa sosholojia hatuna bodi. Tumebaki na vyama vya hiari: ISA ya Madrid, chama cha wanasosholojia wa dunia nzima, na vya utafiti wa sayansi za jamii Afrika, CODESRIA ya Dakar na OSSREA ya Addis Ababa. Je, vyuo vitenge kasma ya kuwalipia wahadhiri ada hizi, au kila mtu na mfuko wake? Mimi nasema chuo kilipe. Sifa ya uanachama huo chuo ndicho kinachoila kwenye ripoti zake.

Mla Maktaba
Napinga. Ada ya ISA unalipa mara moja kwa miaka minne, na nchi zimepangwa A, B na C kufuata kipato. Sisi tuko C, daraja la chini. Gawa kwa miezi 48, kisha linganisha na vocha unazokwangua. Anayeshindwa hapo asisingizie chuo.

Pwani Tulivu
Tulikuwa C. Tanzania si imeingia uchumi wa kati? Tumeshapanda B.

Mla Maktaba
Uchumi wa kati wa CHINI, Julai 2020. Kenya ilitangulia 2014. B ni ya kati ya juu. Soma jedwali kwanza ndipo ututishe.

Bibi Takwimu
Mnapigania ada wakati watu wanaangukia kwingine kabisa. Ada ya ISA peke yake inakupa kusoma majarida mawili mtandaoni, Current Sociology na International Sociology, na nafuu ya kiingilio cha mkutano. Kazi yenyewe iko kwenye kamati za utafiti, zile RC, zaidi ya 50: RC40 ya kilimo na chakula, RC15 ya afya, RC32 ya wanawake na jinsia, RC21 ya miji. Kila RC ina ada yake ndogo JUU ya ile ya ISA, na hiyo ndiyo watu huiruka. Ukija wakati wa ruzuku ya kwenda mkutanoni unaambiwa wewe ni mwanachama wa ISA lakini kwenye RC hujulikani. Kwaheri ruzuku. Na ombi la ruzuku unapeleka RC moja tu, usitawanye mbegu.

Ikisiri, yaani muhtasari wa makala yako, ni maneno 300, unaiingiza kwenye mfumo ukiwa umechagua kikao. Usimtumie mwenyekiti wa kikao kwa barua pepe ukadhani umemaliza. Jina lako halitokei kwenye ratiba zaidi ya mara mbili. Halafu kuna tarehe ya mwisho ya wawasilishaji kulipa kiingilio, miezi kadhaa kabla ya mkutano wenyewe. Ikipita hujalipa, unaondolewa kwenye ratiba hata kama ikisiri ilikubaliwa. Hapo ndipo panapotumaliza, maana masurufu yetu, fedha za safari kutoka chuoni, hutoka mtu akiwa anafunga begi. Mkutano mkuu wa ISA wa Gwangju, Korea Kusini, ni 2027, na viza inataka barua ya mwaliko. Hesabuni kurudi nyuma.

Mkurya wa Thika
Ongeza hili: ikisiri ikikubaliwa kama karatasi ya kugawiwa, si ya kuwasilisha, soma barua vizuri. Wafadhili wengi hawalipii mtu ambaye hatasimama kuongea. Na hizi barua pepe za "mkutano wa kimataifa" zinazochanganya sosholojia, uuguzi na uhandisi chini ya paa moja, jibu ndani ya siku tatu, achaneni nazo.

Kalamu Nyekundu
Basi Bibi Takwimu ameniunga mkono. Tatizo ni chuo. Ofisi ya fedha inakalia masurufu mpaka ndege inapaa.

Daftari la Hesabu
Ofisi ya fedha haikalii kitu. Mnaleta dokezo Ijumaa saa tisa, safari Jumatatu, halafu mnatusema mitandaoni. Sikilizeni. Ada ya uanachama msiichomeke ndani ya masurufu ya safari. Ni malipo ya nje, yanakwenda kwa TT (uhamisho wa benki) au kadi, yanataka ankara ya profoma yenye jina la chama na akaunti. ISA haitoi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wala haitatoa, kwa hiyo ambatisheni risiti yao pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha siku na kiasi kwa shilingi. Ukileta picha ya simu iliyokatwa pembeni, mkaguzi ataniuliza mimi, si wewe. Na masurufu mapya hayatoki kama ya zamani hujarejesha. Wapo humu wanajijua, bado wana ya Mwanza.

Kalamu Nyekundu
Nani ana ya Mwanza? Taja.

Daftari la Hesabu
Jiwe limerushwa gizani, aliyelia tumemsikia.

Pwani Tulivu
Tuache Mwanza. Kinachoniudhi ni kulipa ada tukasemeshwe Kihispania. Lugha rasmi za ISA ni tatu: Kiingereza, Kifaransa, Kihispania. Jarida lao la Global Dialogue linatoka kwa lugha zaidi ya 15, hadi Kikazakhi. Kiswahili hamna. Chama kimezaliwa 1949 chini ya mabawa ya UNESCO, UNESCO hiyohiyo iliyotupa Siku ya Kiswahili 7 Julai. Jukwaa la ISA la Rabat, Morocco, 2025 lilikuwa 6 hadi 11 Julai, kwa hiyo siku yetu iliangukia humo humo, tena Afrika, na ikisiri ni za lugha zilezile tatu. Ila tusiwalaumu sana. Wahadhiri wetu wenyewe hawawezi kuandika ikisiri ya Kiswahili.

Mla Maktaba
HAWAWEZI? Tasnifu za sosholojia zinaandikwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya kufundishia chuo kikuu, si kwa sababu mtu kasahau lugha ya mama yake. Na CODESRIA je, chama cha Kiafrika tangu 1973? Kiingereza, Kifaransa, Kireno, Kiarabu. Mbona hujawasema?

Pwani Tulivu
Nawasema sasa hivi. Na wewe unaitetea "sosholojia" wakati tunalo neno elimujamii. Jina la fani yako mwenyewe umekopa.

Mla Maktaba
Mwambie karani wa udahili "elimujamii" uone kama hakupeleki dirisha la maendeleo ya jamii. Mtaani tayari wanatuchanganya na ustawi wa jamii, sasa tujitie ukungu zaidi?

Bibi Takwimu
Hakuna mtu Madrid aliyekikataa Kiswahili. Global Dialogue inatafsiriwa na timu za kujitolea, mara nyingi watu wachache wa idara moja na wanafunzi wao. Matoleo matatu kwa mwaka. Anayetaka Kiswahili awaandikie wahariri, aonyeshe timu na sampuli. Kwa mhadhiri kijana huo ni mlango mzuri kuliko cheti cha warsha. Kazi ngumu ni istilahi. Mtaji wa kijamii tunao, matabaka tunayo. Haya, anomie ya Durkheim, yule mwanasosholojia Mfaransa, mtaiitaje?

Mkurya wa Thika
Vurugu.

Bibi Takwimu
Vurugu ni watu kurushiana mawe. Durkheim anazungumzia kanuni kulegea hadi mtu hajui kikomo cha matamanio yake. Mtaa unaweza kuwa kimya kabisa na anomie imo.

Pwani Tulivu
Mparaganyiko.

Mla Maktaba
Mparaganyiko ni nyumba baada ya harusi.

Mkurya wa Thika
Ombwe la kanuni?

Mla Maktaba
Ombwe maana yake hakuna kitu. Kanuni zipo, hazishiki tena.

Kalamu Nyekundu
Samahani, nimejaribu kulipa sasa hivi, kadi ya benki imekataa mara mbili. Kuna aliyelipa?

Daftari la Hesabu
Kadi yako haijafunguliwa manunuzi ya mtandaoni. Piga benki wakufungulie na uulize kikomo cha siku. Au tengeneza kadi ya Visa ya M-Pesa, weka kiasi kamili pamoja na ziada kidogo ya kubadilisha fedha, maana ikipungua hata senti inarudi. Wa Kenya watumie GlobalPay, kadi ya Visa ya M-Pesa yao. Na uchague RC kwenye fomu hiyohiyo kabla hujabonyeza kulipa.

Kalamu Nyekundu
Kwa hiyo nijilipie.

Pwani Tulivu
Kanuni zilizolegea. "Ulegevu wa kanuni." Nani anapinga?

Mla Maktaba
Ulegevu unasikika kama kosa la mtu. Lakini endelea, umekaribia.